Mahakama Ilipokataa Maharagwe ya Mama Riziki

Ninyi vijana wa mtaa wa Katoyi, Goma, mnaniuliza kila ninapopita, "Papa Kakule, ile kazi ya mahakama ilikuwa namna gani?" Siku zote nawajibu nikiwa nimesimama, mguu mmoja uko tayari kwenda. Leo mvua imenifungia kwa dada yangu. Barabara ni tope, pikipiki hazipandi, na mtu kama mimi ambaye miguu inamwasha akikaa sana mahali pamoja, hana dawa nyingine ya kumtuliza isipokuwa mvua. Basi nimekaa. Nawaandikia.

Sijafika umri wa kuitwa muzee, ingawa mnaniita hivyo mkitaka niwanunulie mandazi. Kazi ndiyo iliyoniacha kabla mimi sijaiacha. Milango ya mahakama ilipofungwa, kila mtu alishika njia yake. Mimi nilirudia tabia ya marehemu baba yangu, mfanyabiashara wa Butembo aliyezoea kulala juu ya magunia ya maharagwe ndani ya lori, akaona hakuna kitanda kizuri zaidi. Nimezunguka Butembo, Beni, Kasindi, nimerudi Goma, nimeondoka tena. Na kila nikiingia ukumbi wenye mabenchi, hata kama ni wa harusi, najikuta nayapanga kichwani: huyu akae hapa, yule pale, jua lisimchome mmoja peke yake.

Nilikuwa huissier. Ni yule anayepeleka miito ya mahakama nyumbani kwa watu, anayeita majina mlangoni, anayesema kwa sauti "Mahakama!" ili watu wasimame hakimu akiingia. Watu wanafikiri haki inakaa kwa hakimu. Inakaa kwake, sawa. Lakini inaingilia mlangoni, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi.

Aliyenifundisha ni Muzee Anselme, huissier wa zamani, mrefu, mwenye koti la kahawia lisilojua kufuliwa. Somo lake la kwanza lilikuwa sauti. Alinisimamisha uani nyuma ya mahakama, akanipa majina mawili niyaite: la mfanyabiashara mkubwa wa Birere, na la mama anayeuza makala, makaa ya kupikia. Nikaita.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia nini, Muzee?"

"Kwa tajiri umeita kama unamukaribisha mezani. Kwa mama wa makala umeita kama unafukuza kuku. Anza tena."

Nilianza tena hadi wafungwa waliokuwa wakifagia ua wakaanza kunisaidia. Wao walikuwa na masikio makali kuliko mimi. "Hapana, huissier, bado! Tajiri bado anakula!" Siku ile nilijifunza kwamba upendeleo hauanzi moyoni. Unaanza kooni, na mwenye koo ndiye wa mwisho kuusikia.

Somo la pili lilikuwa jua. Mahakama yetu ilikuwa inatembea. Mara kwa mara tulipakia kiti cha hakimu, bendera na majoho ndani ya gari, tukaenda kuketi vijijini, katika ukumbi wa parokia au darasa la shule. Muzee Anselme alifika kabla ya wote, akasimama katikati ya ukumbi kama fundi anayepima nyumba, akaangalia madirisha.

"Mutu mwenye jua mu macho anafanana na muongo," aliniambia. "Anakunja uso, anapepesa, anaangalia chini. Hakimu ni mutu. Atamuona vibaya bila kujua juu ya nini. Geuza mabenchi."

Tuligeuza mabenchi. Mkiona leo mtu anageuza viti kabla ya mkutano wa familia, mumheshimu. Anajua kitu.

Vichekesho havikukosekana. Katika shule moja nilipaza sauti, "Mahakama!" Darasa la jirani wakafikiri ni wakati wa bendera. Watoto wakaanza wimbo wa taifa. Hakimu, ambaye alikuwa amekwisha kuinama ili aketi, akanyooka tena. Mshitakiwa akanyooka. Polisi akapiga saluti. Tulisimama mpaka ubeti wa mwisho, na hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake usoni.

Sasa niwaambie jambo ambalo hamtalikuta shuleni. Shida kubwa ya kazi ile haikuwa watu wakali. Mtu mkali atakutukana, utamwachia mwito wake, utaondoka. Shida ni watu wazuri. Umefika nyumbani kwa mtu kumletea habari mbaya, umechoka, umelowa, naye anasema, "Papa, kaa. Kula kwanza." Huwezi kula. Yeye ana kesi, na mwenzake wa kesi atakusikia umekula. Lakini kwetu huwezi pia kukataa hivi hivi.

Mnajua wenyewe. Huku kwetu watu wanaogopa karuho, ile sumu inayotiwa kimyakimya katika chakula au kinywaji. Ndiyo maana mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya mgeni. Ndiyo maana chupa inafunguliwa mbele ya macho yako. Akishaonja, ukikataa, hujakataa chakula. Umemwambia kitu kingine, na majirani wamekisikia.

Muzee Anselme alikuwa na dawa yake: yai la kuchemsha. Kabla ya kubisha hodi, aliuma yai, akaingia akitafuna. "Mutu mwenye anatafuna hawamulazimishe kula," alisema. Watoto wa Birere walimwita Papa Yai, wakiamini kwamba mahakama inalipa kwa mayai. Alipostaafu aliniachia koti lake na ushauri mmoja tu: "Usisahau chumvi ya yai. Bila chumvi, kazi hii haivumiliki."

Baada yake alikuja hakimu mpya, mama kutoka upande wa Bukavu. Tulimwita Madame Prezida, kwa sababu ndiye aliyeongoza vikao. Mwembamba, miwani mikubwa, sauti ndogo iliyowalazimisha mawakili kunyamaza ili wamsikie. Sijaona mtu aliyejichunga kama yeye. Jumapili alibadilisha misa kila mara ili asizoeane na mtu yeyote kwenye ngazi za kanisa. Akipanda pikipiki, alimuuliza dereva kwanza, "Papa, uko na kesi kwetu?" Dereva mmoja alimjibu, "Bado, Madame, lakini tukigonga mutu leo, nitakuwa nayo." Madame alicheka njia nzima. Alikuwa anajua kucheka. Hilo mlishike, kwa sababu wengi wanafikiri mtu wa haki lazima awe na uso wa ukuta.

Kesi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya Kibumba.

Kibumba mnaipita mkienda Rutshuru. Baridi hata jua likiwa juu, mawe meusi ya volkano yamepangwa kuwa kuta za mashamba, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zimejaa kabichi zinateremka kuelekea Goma. Kando ya barabara palikuwa na malewa, kibanda cha chakula, cha Mama Riziki. Alikuwa mjane. Alipika maharagwe na viazi kwa madereva wa malori na watu wa chukudu, na kwa sufuria ile alilea watoto wake. Nyuma ya kibanda kulikuwa na shamba la viazi. Shemeji yake, Papa Safari, mdogo wa marehemu mumewe, alisema shamba lile ni la ukoo, lirudi kwake. Mama Riziki alisema hapana, mume wangu alilisafisha kwa mikono yake lilipokuwa mawe matupu, na majirani waliona akipanga mawe ya mpaka.

Madame aliamua twende tukaangalie shamba kwa macho. Tulikwenda: yeye, karani, dereva na mimi. Tulipima, tukaangalia mawe, tukawasikiliza wote wawili. Papa Safari alikuwa mtu wa kofia, mwenye maneno mengi na mikono inayozungumza kabla ya mdomo.

Tulipomaliza, alituma mtu alete kreti ya soda. Madame akasema, "Asante, Papa. Mahakama haiwezi kunywa kwa mutu mwenye kesi."

"Hata maji yenye gazi tu, Madame?"

"Hata gazi peke yake."

Papa Safari akacheka, akairudisha kreti dukani kama ilivyokuwa, vifuniko juu. Hakuna kilichoharibika.

Tulipotoka kwenye shamba tulipita mbele ya kibanda, ukingoni mwa barabara, na hapo Mama Riziki alikuwa ametandika kitambaa juu ya meza. Sahani nne. Maharagwe yanatoa moshi, viazi vimemenywa vizuri. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Akachukua mwiko, akachota maharagwe kutoka sufuriani, akaonja mbele yetu. Akameza. Akatuangalia.

Madame akasema maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kunywa tu kukageuka kula. "Asante, Mama. Mahakama haiwezi kula kwa mutu mwenye kesi."

Muzee Anselme angefurahia sauti ile. Haikuwa na tofauti hata ya unywele. Lakini Madame alikuwa na sauti ndogo, nimewaambia. Maneno yake tuliyasikia sisi tuliokuwa karibu. Sahani nne zilizobaki mezani zilionwa na barabara nzima: madereva, watu wa chukudu, wamama wa sokoni. Waliona mama ameonja, na watu wa mahakama wameingia ndani ya gari na kuondoka.

Tulipofika karibu na mji, Madame akaniuliza bila kugeuka, "Huissier, umeona alionja?"

"Niliona, Madame."

"Na mimi niliona," akasema. "Kwetu Bukavu ni vilevile." Kisha akavua miwani, akaanza kuifuta, na aliifuta mpaka Goma.

Niliporudi Kibumba kupeleka miito ya kikao, nilikuta kibanda kiko wazi na mabenchi ni matupu. Sufuria ilikuwa jikoni, imejaa. Dereva wa lori alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akila mkate mkavu na ndizi.

"Papa," nikamuuliza, "mbona leo unakula mukate, na maharagwe iko inanukia hapa?"

Akanivuta pembeni. "Weye haujue? Batu ya mahakama yenyewe walikataa. Hakimu alisoma sana, hawezi kukataa bure. Iko kitu aliona."

"Hakuna kitu aliona. Ni sheria, hatukule kwa mutu mwenye kesi."

"Sawa, Papa," akasema kwa upole, kama mnavyomjibu mtoto. "Basi kula leo, nione."

Na mimi sikuweza kula, kwa sababu kesi ilikuwa bado. Mnaona mtego? Kila nilipofuata sheria, nilikaza kamba shingoni mwa yule mama.

Mama Riziki alipokea mwito wake, akaukunja. Hakunilalamikia. Alisema tu, "Huissier, shamba nikiipoteza, nitalima kwa mutu. Lakini jina hii, nitaenda kuipikia wapi? Watoto wangu wanaulizwa ku shule kama wanakulaka kwetu." Halafu akafunika sufuria, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Vijana, nimesikia watu wengi wakilia mahakamani. Wengine walilia vizuri sana, kwa mpango. Yule hakulia. Ndiyo maana bado namsikia.

Siku ya kikao tuliketi katika ukumbi wa parokia. Niligeuza mabenchi jua lisimpate mtu. Niliita majina kwa sauti moja. Papa Safari alikuja na watu wake, wamejaza benchi zima. Benchi la Mama Riziki lilikuwa na yeye peke yake. Majirani wawili wazee, wale walioona marehemu akipanga mawe, walikuwa wamesimama nje karibu na ukuta, wanaangalia milima.

"Mama, mashahidi wako wako wapi?" Madame akauliza.

"Wako pale inje, Madame Prezida."

"Kwa juu gani hawaingie?"

Mama Riziki akasimama. "Hawataki kukaa na miye benchi moja. Tangu siku mulikataa chakula yangu, batu wanasema niko na karuho."

Madame aliweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti, mpaka watu wa nje wakageuka.

"Batu ya Kibumba, musikilize. Siku ile mahakama ilikataa chakula ya Mama Riziki. Siku ile ile ilikataa soda ya Papa Safari. Si juu ya woga. Ni sheria: hakimu hakule kwa mutu yeyote mwenye kesi, hata angekuwa mama yake muzazi. Hakuna kingine. Mama huyu alionja mbele yangu, na nilimuamini."

Watu walitikisa vichwa. Walielewa, hata waliridhika. Lakini kutikisa kichwa si kula, na wale wazee wawili hawakutoka kwenye ukuta. Madame aliona. Alikuwa amesema yote ambayo hakimu anaruhusiwa kusema, na hayakutosha. Akatoa mapumziko ya mchana.

Uani watu walifungua vyakula vyao. Mama Riziki alikuwa amekuja na sufuria yake. Nadhani hakujua kwenda mahali bila sufuria. Aliiweka juu ya jiwe, akafunua, akakaa karibu nayo. Watu walipita mbali, wakafanya duara kubwa kama kuna mbwa mkali.

Nilikuwa mlangoni, yai langu mkononi. Ndipo nikaona kofia ya Papa Safari inakatiza ua. Watu wake wakamwita, "Papa Safari, uko unaenda wapi?" Hakujibu. Akafika, akachuchumaa mbele ya sufuria.

"Shemeji, nipe sahani."

Mama Riziki akamwangalia. "Uko unanicheka?"

"Niko na njaa. Nilikulaka kwako tangu kaka yangu alikuoa. Ulinipikia nikiwa na malaria, nikatapika juu ya kitenge yako. Kama ungetaka kuniua, ungeniua wakati ile, ningekuwa nimekusaidia na hii kesi."

"Sitaonja," akasema Mama Riziki. "Nimechoka kuonja."

"Nani amekuomba uonje? Tia na viazi. Tunagombana shamba, hatugombane sufuria."

Akala. Alikula kama alivyokuwa akizungumza, kwa mikono yote. Akaomba tena. Watu wa benchi lake walikuwa wameacha kutafuna. Mmoja wa wale wazee wawili, babu mmoja mwenye fimbo, akajikokota kutoka ukutani, akachungulia ndani ya sufuria, akasema, "Imebaki?" Mwenzake akamfuata, akisema kwamba anamfuata tu ili kumwangalia asije akaanguka. Naye alipewa sahani.

Nilimtazama Madame. Alikuwa dirishani, ndani ya ukumbi, ameshika chupa yake ya maji. Hakutoka. Hakutabasamu hata. Lakini miwani alikuwa ameivua.

Mchana wale wazee wawili waliingia, wakakaa na Mama Riziki benchi moja, wakaapa, wakaeleza jinsi marehemu alivyobeba mawe na kupanga mpaka, jiwe kwa jiwe, na jinsi Papa Safari mwenyewe, akiwa kijana, alivyokuja kumsaidia siku moja kisha akakimbia kazi akisema mgongo unauma. Ukumbi ulicheka. Madame akamuuliza Papa Safari kama ni kweli. Akakuna kichwa chini ya kofia.

"Mugongo iliuma kweli, Madame Prezida."

Hukumu ilimpa Mama Riziki shamba lake. Nilipompelekea Papa Safari nakala, alinipokea mlangoni, akaniangalia kwa muda, akasema, "Huissier, ile siku nilikula shamba yangu na maharagwe juu yake."

"Utakata rufaa?"

"Mke wangu anataka. Lakini niende kusema nini? Ya mugongo?" Akanicheka mimi, akajicheka mwenyewe, akafunga mlango.

Huyu ndiye ninayewapa kama mwalimu, vijana, kabla ya hakimu na kabla yangu. Sisi tuliapa kutopendelea na tulilipwa kwa ajili hiyo. Yeye alikuwa upande mmoja kabisa, alitaka kushinda, na bado hakutaka kushinda kwa njia ile.

Lakini mambo hayakuishia pale. Wazee na majirani walirudi kula. Madereva hawakurudi. "Shemeji ni ndugu," walisema, "na wazee wako karibu na kaburi. Mahakama yenyewe bado haijakula." Barabara inakumbuka ilichokiona, na ilichokiona ni sisi tukiingia ndani ya gari.

Nilimpelekea Madame habari hiyo. Akasema, "Tungoje muda wa rufaa upite. Kabla ya hapo bado ni mutu mwenye kesi." Tukangoja. Na katika kungoja, ikaja barua ya kumhamisha, kama wanavyohamishwa mahakimu, ghafla, vitabu bado viko juu ya meza. Nilimsaidia kufunga maboksi. Boksi la mwisho lilipofungwa, akanigeukia.

"Huissier, rufaa ikikosa kuja, nenda Kibumba. Uende siku ya soko. Vaa ile koti ya Muzee Anselme, yenye kila mutu anajua. Ukae benchi ya mbele, kwenye barabara. Usikuje unatafuna yai."

"Sawa, Madame."

"Na usile haraka."

Rufaa haikuja. Nilikwenda siku ya soko. Nilivaa koti. Niliketi benchi la mbele, mgongo kwa sufuria, uso kwa barabara, nikasema kwa sauti yangu ya kuita majina, ile ile, isiyojua tajiri wala mama wa makala: "Mama Riziki! Nipe maharagwe na viazi!"

Chukudu moja ilisimama. Nyingine ikasimama nyuma yake, kabichi zikayumba. Mama Riziki akaleta sahani. Mkono wake ukaenda kwenye mwiko ili aonje, kwa mazoea. Nikaizuia sahani. "Wacha, Mama. Ni yangu."

Nilikula polepole sana. Sijawahi kula mbele ya watu wengi vile, hata siku ya ndoa yangu. Yule dereva wa mkate mkavu alikuwapo, ameegemea lori lake, anahesabu matonge yangu kama mganga. Nilipofika katikati, nikasimamisha kijiko. Yule dereva akaacha kuhesabu.

"Mama Riziki," nikasema, "leo umetia chumvi mingi."

Mama Riziki akashika kiuno. Nilidhani nimemuumiza. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye jiwe la jikoni, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Yule dereva akavuka barabara. "Yangu utie viazi mingi," akasema, "isaidie hiyo chumvi."

Jioni ile nilimpigia Madame simu huko alikokuwa.

"Umekula?"

"Nimekula, Madame."

"Yote?"

"Yote. Sahani mbili."

"Ilikuwa tamu?"

Nilikuwa mtu wa mahakama. Nikasema ukweli. "Chumvi ilikuwa mingi."

"Natumaini haukumuambia."

"Nilimuambia. Mbele ya batu."

"Na yeye akasema nini?"

"Alisema, tangu siku ile hakuna mutu alimugombeza juu ya chumvi. Mutu mwenye anaogopa kufa haonje chumvi, Madame. Alisema kesho atapunguza."

Nilisikia akivuta pumzi, kisha kile kicheko cha siku ya pikipiki. "Sasa ndio kesi imekwisha," akasema, akakata simu kabla sijamuuliza huko kwao wanapika nini.